Mwandishi ameisahau mahakama

Makala ninayoijibu inasema utafiti wa taaluma ya nyaraka, yaani utunzaji wa kumbukumbu za zamani, unakua kwa sababu ya kompyuta, na kwamba nakala za kidijitali zikishaletwa nchini, majalada yenyewe yanaweza kubaki Uingereza. Sawa, lakini mwandishi ameruka jambo zito. Kesi ya wazee wa Mau Mau kule London, waliodai fidia kwa mateso ya enzi za ukoloni, ndiyo iliyoibana Uingereza, mwaka 2011, hadi ikakiri kuwa na majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37, yaliyokuwa yamefungiwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali. Mengine yalichomwa kabla ya uhuru, na maagizo ya kuyachoma yenyewe yakabaki kwenye karatasi! Tangu hapo wataalamu hawaulizi tu karatasi itunzwe vipi isiliwe na mchwa. Wanauliza nani aliihamisha, kwa ruhusa ya nani, na kisheria ni mali ya nani. Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha fani hii miaka mingi sasa, ila mtafiti Mkenya bado atafute viza na nauli ya kwenda Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza yalikohamishiwa majalada hayo, kusoma yaliyoandikwa kuhusu babu zake. Nakala za kidijitali zinasaidia, sikatai. Lakini eti nakala zikishaletwa, majalada yenyewe yabaki hukohuko? Hapo mimi na mwandishi hatupatani.