Ua la bustanini na vidonge vya pumu

Siku mpwa wangu alipoanza matibabu ya saratani ya damu, dada yangu alinipigia simu kutoka wodini akiwa na hasira. "Kaka, hizi prednisoloni si ndizo mama alikuwa anakunywa kwa ajili ya pumu? Mtoto ana kansa, wananipa dawa za pumu?" Sikuwa na jibu. Nikachukua bodaboda kutoka Majengo nikamfuata. Daktari wa watoto alitueleza bila haraka: vidonge vilevile vinavyotuliza kifua cha mwenye pumu, vikitolewa kwa dozi kubwa, huua chembe changa za damu zilizoasi. Watoto wamekuwa wakitibiwa hivyo tangu miaka ya 1950.

Nimesoma sana tangu siku hiyo, na kila nikisoma naona kitu kilekile: dawa kadhaa zinazookoa watoto hawa ziligunduliwa wakati watu wanatafuta kitu kingine kabisa.

Chukua vinkristini, dawa ya saratani ya damu inayotokana na ua. Hapa Moshi ni nyumba chache zisizo na lile ua la pinki lenye petali tano, linalostahimili jua na halihitaji kubembelezwa. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake na kunywa kutibu kisukari. Miaka ya 1950, watafiti Robert Noble na Charles Beer, wakiwa Kanada, waliyapima kwa panya. Sukari haikushuka. Lakini panya waliochomwa maji ya majani hayo walikuwa wakifa kwa maambukizi, na walipopimwa damu ikaonekana chembe zao nyeupe zimeporomoka. Wengi wangeona dawa imefeli, wakatupa majani. Wao wakawaza ugonjwa ambao chembe nyeupe zimezidi mno, yaani saratani ya damu. Kwenye mmea huo ikapatikana vinblastini, kisha vinkristini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1963. Ndiyo inayoingia kwenye mshipa wa mpwa wangu.

Nikifika hapo huwa nakumbuka Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipita Arusha usiku na mchana kuelekea Samunge kwenye kikombe cha Babu, dawa yake ya mitishamba, shilingi 500 tu. Jirani zetu wenye kisukari walikwenda, na siwezi kuwacheka, maana mgonjwa hufuata tumaini. Ila chai ya Jamaika nayo ilikuwa kikombe cha kisukari. Tofauti ni kwamba kuna watu walikaa nayo maabara miaka, wakapima, na wakakubali kwamba kazi iliyosifiwa nayo haiiwezi, ila inaweza nyingine.

Upimaji huo ndio ninaoupigania, na ndio usio na mlipaji. Kidonge cha zamani hakina tena hataza, kila kiwanda kinaweza kukitengeneza. Kampuni ikitumia mabilioni kuthibitisha kwamba kinatibu saratani ya damu, kesho jirani yake anakiuza kwa bei ya pipi. Kwa hiyo fedha lazima itoke kwa umma. Inawezekana, tumeona. Mwaka 2020 Uingereza iliingiza maelfu ya wagonjwa wa korona kwenye majaribio yaliyoitwa RECOVERY. Deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni, ikapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikitajwa kila kijiwe, ikaonekana haisaidii. Zote mbili za zamani, zote rahisi; bila kupima tungejuaje?

Nasi tuna vyuo vikuu vya tiba, tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wodi zina watoto. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, na nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hazifiki asilimia 30. Pengo hilo halizibwi na dawa ya dola laki moja. Serikali zetu zitenge fungu la kupima dawa nafuu kwa watoto wetu, na kabla ya hapo zihakikishe zile zilizokwisha kuthibitishwa hazikatiki kwenye rafu hata wiki moja.

Mwezi uliopita mjomba wetu wa Ngaramtoni alitutumia ujumbe wa WhatsApp: dawa ya minyoo ya mifugo inamaliza kansa, tumpe mtoto. Ana mapenzi mema, mjomba. Dada aliuchukua ujumbe huo hadi kliniki. Daktari akausoma wote, akasema, "Mama, hakuna aliyeipima kwa watoto wenye ugonjwa huu, na ini la huyu sasa hivi lina kazi ya kutosha." Nikampigia mjomba nikamweleza vilevile. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kwa nini hawaipimi?"

Mpwa wangu yuko kwenye awamu ya vidonge vya nyumbani. Dawa inaitwa merkaptopurini, kidonge kimoja miligramu 50, na dozi yake haifiki kidonge. Ulaya ipo ya maji, ya kupima kwa bomba la sindano. Dada huvaa glavu kama nesi alivyomfundisha, anakiweka kidonge kwenye kisahani chini ya taa, anakikata katikati kwa wembe. Kikimeguka vibaya hukaa akikitazama muda mrefu.