Kazi ya upolisi humbadilisha mtu, au humkuta alivyo?

Polisi anapompiga raia asiye na hatia, au kituo kizima kinapofunga midomo juu ya kifo cha mahabusu, maelezo mawili hutolewa upesi. Wapo wanaosema jeshi limeajiri watu wabaya, na wapo wanaosema kazi yenyewe imewaharibu. Ubishi huu una uzito, maana jibu ndilo linaloamua nguvu zielekezwe wapi: kwenye usaili wa wanaoingia, au kwenye malezi ya walio ndani tayari.

Wanaotupia macho usaili wana hoja. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Milton Rokeach na wenzake walilinganisha maadili ya polisi wa Marekani na ya raia wa kawaida. Pengo lilikuwepo, hasa katika thamani ya usawa, ambayo polisi waliiweka chini. Lakini askari wageni kazini hawakupishana sana na wakongwe, na watafiti wakahitimisha kwamba kazi hiyo huwavuta watu wa namna fulani tangu mwanzo. Utafiti uliofanywa Chicago na kutolewa mwaka 2021 unaongeza uzito. Askari waliolinganishwa walifanya doria maeneo yaleyale kwa saa zilezile, lakini weusi walisimamisha na kukamata watu, na kutumia nguvu, mara chache kuliko weupe. Wanawake nao walitumia nguvu kidogo kuliko wanaume. Nani anavaa sare ni jambo lenye maana, na anayelipuuza anajidanganya.

Hata hivyo, sioni vipi hoja hiyo peke yake itatosha. Mwaka 1966 Jerome Skolnick, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwamba hatari na mamlaka, pamoja na shinikizo la kuonyesha matokeo, humjengea polisi namna yake ya kuutazama ulimwengu. Fikiria maana yake kwa siku ya kawaida. Askari anayeonywa kila zamu kwamba yeyote anaweza kuwa na silaha hujifunza kusoma mikono, mwendo na mavazi ya watu. Ni ujuzi unaookoa maisha, na sitaubeza. Lakini baada ya muda humwona mshukiwa kabla hajamwona binadamu. Saa zake za kazi humtenga na marafiki wa zamani, majirani hupunguza maneno anapopita, naye hubaki na askari wenzake. Hapo ndipo ukimya unapoota mizizi: aliyekuokoa kwenye risasi jana, utamshtaki vipi leo?

Uchunguzi unaonigusa zaidi ni wa watafiti Colman na Gorman, uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 1982. Waliona makuruta wakiingia na misimamo mikali kuliko raia waliolinganishwa nao. Mafunzo ya chuoni yaliwalainisha kwa muda, kisha miaka ya kazini ikawarudisha kwenye ukali, hasa kuhusu wahamiaji. Wakosoaji waliutilia shaka ulinganisho wao, na ni haki yao. Lakini mwelekeo huo unaeleweka kwa yeyote anayejua kinachotokea kuruta anapokabidhiwa kwa mkongwe, naye akamwambia asahau aliyofundishwa chuoni.

Ni kweli pia kwamba mtu si udongo wa kufinyangwa tu. Frank Serpico alifanya kazi katika polisi ileile ya New York ambamo wenzake walipokea rushwa, akakataa. Aliyoyafichua yalichangia kuundwa kwa Tume ya Knapp mwaka 1970, iliyochunguza rushwa katika polisi hiyo. Wanaoamini tabia ya mtu humtaja yeye kama ushahidi. Mimi naona alivyotengwa na wenzake ni ushahidi mkubwa zaidi: uadilifu wa mmoja ulihitaji ujasiri usio wa kawaida ili tu usimezwe. Tume yenyewe ilikataa kisingizio kwamba tatizo ni askari wachache walioharibika.

Kwa hiyo nampinga kamanda anayejibu kila kashfa kwa kufukuza mmoja na kuahidi usaili mkali. Atueleze kwanza nani huchaguliwa kumlea kuruta katika miezi yake ya mwanzo mtaani, na kwa sifa gani. Atueleze pia kama kupandishwa cheo kunategemea idadi ya waliokamatwa, au kama aliyetuliza ugomvi bila pingu naye huandikwa mahali.