Fedha ya Ovakloki: Iende Kwenye Kipoza au Kwenye Mazabodi?

Kuongeza kasi ya prosesa kupita ile iliyowekwa kiwandani, kazi inayoitwa ovakloki, kunadai vitu viwili: umeme uliotulia na njia ya kutoa joto. Umeme unapitia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, na joto linaondolewa na kipoza. Fedha ikitosha kimoja tu kiwe cha hali ya juu, ndipo mabishano yanapoanza. Wapo wanaoshikilia kuwa kipoza ndicho cha kwanza, kwa kuwa prosesa yoyote ya leo hujipunguza kasi yenyewe ikichemka. Wapo wanaosema mazabodi dhaifu haiokolewi na kipoza chochote. Naegemea upande wa pili, ingawa upande wa kwanza una hoja moja nzito isiyopuuzwa.

Kwanza hakikisha kwamba kazi yenyewe inaruhusiwa. Kwa Intel Core za kizazi cha 12 hadi cha 14, zinazotumia soketi (tundu la prosesa) ya LGA1700, kizidishi cha kasi, yaani namba inayopanga megahezi, kiko wazi kwa prosesa zenye herufi K, KF au KS, na hubadilishwa kwenye mazabodi zenye chipseti (chipu inayosimamia bodi) ya Z690 au Z790. B660 na B760 zinaruhusu kuongeza kasi ya RAM, lakini kizidishi cha prosesa hakiguswi. Aliyenunua Core i5-13600K akaiweka kwenye B760 amelipia uwezo asioweza kuutumia. AMD ni wakarimu zaidi: karibu Ryzen zote za soketi za AM4 na AM5 ziko wazi, na chipseti za B550, X570, B650 na X670 zote zinakubali. Miongoni mwa zisizokubali ni A520 na A620. Angalia pia zile za X3D, zenye kumbukumbu ya kashe iliyoongezwa: Ryzen 7 5800X3D imefungwa, 7800X3D haipandishwi kizidishi ila inaruhusu kushusha volti kwa Curve Optimizer (mpangilio wa AMD wa kurekebisha volti), na 9800X3D iko wazi.

Hesabu ya joto ndiyo inayoamua mengine yote. Joto linalotolewa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa volti huongezeka kwa mraba wake. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 4.6 kwa volti 1.25. Ipeleke gigahezi 4.8 na volti 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 4 tu. Volti imepanda kwa asilimia 8, na mraba wake ni karibu asilimia 17; ukizidisha na kasi unapata joto zaidi kwa asilimia 22 hivi. Kwa hiyo megahezi za mwisho ndizo ghali kuliko zote, na joto hilo la ziada haliishii kwenye prosesa peke yake. Linatoka pia kwenye saketi ya VRM, ile iliyo pembeni ya soketi, inayopokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai na kuzishusha hadi volti 1 na ushei.

Hapo ndipo mazabodi za bei ya chini zinapoumbuka. Prosesa inayokula wati 200 kwa volti 1.3 inavuta ampea 154. Mazabodi yenye fezi 5 za kulisha prosesa, yaani njia zinazogawana mzigo wa umeme, itapitisha karibu ampea 31 kwenye kila fezi. Yenye fezi 10 itapitisha 15 hivi. Hasara inayotokana na ukinzani nayo hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo kwa mosfeti (swichi za umeme za VRM) za aina moja, kila fezi ya ile bodi ndogo itachemka mara 4 zaidi, na bodi nzima itapoteza mara 2 zaidi. Mosfeti zikivuka nyuzi 100 na kukaribia kikomo chake, mazabodi inaanza kujilinda kwa kuibana prosesa. Dalili yake inapotosha sana: kasi inaporomoka ghafla katikati ya kazi nzito, kisha inarudi, kisha inaporomoka tena, ilhali kipimo cha prosesa kinaonyesha nyuzi 70 tu. Mwenye kompyuta anakilaumu kipoza, ananunua kikubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale. Kabla ya kutumia fedha, fungua programu ya HWiNFO64 na usome mstari wa joto la VRM. Kama bodi haina kipimo hicho, hilo nalo linakuambia imetengenezwa kwa ajili ya nani.

Idadi ya fezi inayoandikwa kwenye boksi haitoshi. Baadhi ya bodi huhesabu fezi zilizogawanywa mara mbili kana kwamba kila moja inajitegemea, na namba ya pili baada ya alama ya kujumlisha hailishi kori za prosesa. Tafuta ampea za kila hatua ya umeme: 50, 60, 90. Tazama kama mapezi ya kupoza mosfeti ni kipande kizito kilichofungwa kwa skrubu, au bati jepesi la kupendezesha. Mfano mzuri ni chipseti ya B550. MSI B550 Tomahawk ina mpangilio wa 10+2+1. Gigabyte B550M DS3H ina 5+3. Zote mbili zinaruhusu ovakloki kwa kiwango kilekile kwenye menyu ya BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi. Kwa Ryzen 5 5600X, ya kori 6 na wati 65, hiyo ndogo inatosha kabisa na anayekuambia uongeze fedha anakupotezea. Kwa Ryzen 9 5950X, ambayo kikomo chake cha kawaida ni wati 142 na ikiachiwa huvuka 200, usithubutu kuifanyia ovakloki hapo.

Mazabodi pia ndiyo inayoagiza volti, na miaka ya karibuni imeonyesha gharama ya agizo baya. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye soketi. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya SoC (ile yenye kidhibiti cha RAM) kupitia BIOS mpya, kwa sababu bodi zilikuwa zikipandisha volti hiyo mtumiaji anapowasha wasifu wa EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM uliotayarishwa tayari. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: Core za kizazi cha 13 na 14 zilichakaa mapema kwa kupewa volti kubwa mno, hadi ikatolewa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti inayozuia maombi yanayozidi volti 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka 2. Hakuna kipoza, kiwe cha hewa au cha maji, ambacho kingezuia mojawapo ya hayo.

Sasa hoja nzito ya upande wa kwanza, ule wa kipoza. Kipoza kinadumu kuliko soketi. Noctua NH-D15 ilitoka mwaka 2014, na kwa kubadilisha vishikio tu inafungwa leo kwenye AM5 na LGA1700, soketi ambazo hazikuwepo wakati huo. Mazabodi inakufa na soketi yake. Tena kipoza kizuri kinamnufaisha hata asiyegusa BIOS: prosesa za sasa hujipandisha zenyewe joto likiruhusu, na feni kubwa inayozunguka polepole haipigi kelele. Anayepanga kubadilisha prosesa na bodi baada ya miaka 3 ana sababu ya kweli ya kuweka fedha kwenye kipoza.

Lakini kipoza kipi? Watu wengi hukimbilia cha maji, na mara nyingi hakuna haja. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, yenye mabomba 6 ya shaba na feni 2 za milimita 120, inatosha kwa Ryzen yoyote ya kori 6 au 8 na kwa Core i5. Kwenye Ryzen 7000 kizuizi hata si kipoza: joto linatoka kwenye kipande cha silikoni cha milimita za mraba 70 hivi, na lazima lipite kwenye kifuniko kinene cha chuma kabla ya kukifikia kipoza. Ndiyo maana 7600X inaweza kugonga nyuzi 95 hata ikiwa na kipoza cha maji chenye rejeta kubwa, na AMD imeiundia kufika hapo. Cha maji chenye rejeta ya milimita 360 kina maana pale wati zinapokuwa nyingi kweli, kama Core i9-13900K na wati zake 253.

Kipoza cha maji kina gharama mbili zisizoandikwa kwenye boksi. Feni ya kipoza cha hewa humwaga upepo kando ya soketi na kuipoza VRM bila kukusudia. Ukiweka cha maji, upepo huo unahamia kwenye rejeta, na mosfeti zinabaki kwenye hewa iliyosimama. Arctic wanalijua hili, ndiyo maana Liquid Freezer III ina feni ndogo juu ya pampu kwa ajili ya VRM. Kwa hiyo mazabodi dhaifu ikifungwa kipoza cha maji inakuwa dhaifu zaidi. Gharama ya pili ni uhai. Maji hupenya polepole kwenye mabomba yake ya mpira, na pampu ikifa prosesa inachemka upesi na kompyuta inaweza kuzima, wakati kipoza cha hewa kilichoharibika feni bado kitakuwezesha kuandika barua. Rejeta iwe juu ya kasha, au angalau sehemu yake ya juu ipite pampu, ili hewa isijikusanye kwenye pampu. Kwa kipoza cha hewa, pima urefu: NH-D15 ina milimita 165 na kilo 1.32 pamoja na feni zake, Peerless Assassin 120 SE ina 155, na makasha mengi yanaishia 160. RAM ndefu nayo hugonga feni ya mbele.

Msomaji wa pwani aongeze jambo moja kwenye hesabu. Majaribio ya vipoza unayoyaona mtandaoni hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinavuka 30. Prosesa iliyoonyeshwa kwenye nyuzi 82 kule itakuwa kwenye 90 hapa, na VRM vivyo hivyo. Ovakloki iliyokuwa imara usiku inaweza kuanguka saa nane mchana.

Kuhusu faida, tuwe wakweli. Celeron 300A ya mwaka 1998 ilitoka megahezi 300 hadi 450, nyongeza ya asilimia 50 bure. Leo nafasi hiyo imeshachukuliwa na kiwanda chenyewe. Core i9-14900KS inauzwa ikifika gigahezi 6.2 bila kuguswa. Ukiongeza asilimia 4 au 5 umefanya vizuri, na kwenye michezo ambayo kadi ya picha ndiyo inayobana hutaiona kabisa. Kwenye Ryzen, kufunga kori zote kwenye kasi moja kunaweza hata kuipunguza kasi ya kori moja, kwa kuwa prosesa haitajipandisha tena yenyewe. Huko ni bora kutumia Curve Optimizer, kuanzia hasi 10 na kushuka taratibu kuelekea hasi 30: volti inapungua, joto linapungua, na kasi inapanda.

Kwa utaratibu, anza na BIOS mpya, kompyuta ikiwa kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza isiwake tena isipokuwa ina kitufe cha kuandika BIOS kwa flashi. Endesha programu ya kupima prosesa ya Cinebench R23 dakika 10 bila kubadilisha kitu, uandike kasi, wati, joto la prosesa na la VRM. Kama joto liko karibu na kikomo tayari, simama hapo na ushughulikie pesti ya kupitisha joto na upepo wa kasha kwanza. Kisha, kama unapandisha kizidishi badala ya kutumia Curve Optimizer, weka volti maalumu, 1.25 kwa Ryzen 5000 ni pa kuanzia, na LLC (mpangilio unaozuia volti isishuke mzigo unapokuja) iwe ya kati. Ya juu kabisa husababisha volti kuruka mzigo unapoachiwa. Panda hatua moja ya kizidishi, yaani megahezi 100, urudie Cinebench. Ikianguka, ongeza volti 0.01 hadi 0.02. Ukihitaji zaidi ya volti 0.05 kwa megahezi 100, umefika mwisho wa prosesa hiyo. Kinachosalia ni OCCT, programu ya kujaribu uimara, kwa saa nzima, wakati wa joto kali la mchana, ukiitazama safu ya makosa ya WHEA (makosa ya vifaa yanayorekodiwa na Windows) kwenye HWiNFO64. Kosa hata moja, ingawa kompyuta haijazima, maana yake ni kushuka megahezi 100 na kuanza tena ile saa.