Bawa refu, rafadha kubwa, na acheni kugeuzageuza mota

Siku hizi haipiti wiki bila picha ya ndege mpya ya umeme inayopaa wima: mota zinazogeuka kutoka kutazama juu hadi kutazama mbele, feni zilizofichwa bawani. Vijana ninaounda nao droni za kupima ardhi hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, huzimezea mate. Mimi hujiuliza tu, vumbi la Isinya, tunakorushia, likiingia humo, nani ataifungua?

Msimamo wangu nimeutetea hadi chai ikapoa. Kwa huku kwetu, ndege yenye bawa na rafadha nyingi, yaani mapanga yanayozunguka kusukuma hewa, iwe na mota nne za kuinua, zimefungwa palepale, na moja ya kusukuma nyuma. Basi.

Lawama yake naijua: ikishashika kasi, zile nne ni mzigo, tena zinakwaruza hewa. Kweli. Kampuni ya Joby ya Marekani imezigeuza mota zake zote sita, zinainua kisha zinavuta, na inaruka vizuri. Ila wao wana karakana na wahandisi wa kulinda kila bawaba. Yetu ya kugeuza mota ilidumu mwezi mmoja. Sevo ya kushoto, kile kimota kidogo cha kugeuza mota, ilikwama katikati ya mgeuko, mota moja ikitazama mbinguni na nyingine ikitazama mbele, na ndege ikajipindua kama chapati. Mota iliyofungwa palepale ikiungua nashuka barabara ya Luthuli mjini, napata nyingine, jioni tunaruka.

Halafu kuna hewa yenyewe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Jua la saa saba likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ukinakili vipimo vya mtu anayerusha ufukweni utajuta. Sisi tulijuta: dakika moja ya kuelea palepale hewani, nikagusa mota, kidole kikarudi chenyewe.

Dawa haikuwa betri kubwa, maana betri nayo inabebwa. Ilikuwa rafadha. Kwa uzito uleule, ukiongeza kipenyo maradufu, nguvu inayohitajika kuelea hushuka hadi nusu, angalau kwenye karatasi. Kusukuma hewa nyingi polepole ni rahisi kuliko kufyatua hewa kidogo kwa kasi. Ndiyo maana feni nyingi ndogo hazijawahi kunivutia. Ndege ya kampuni ya Lilium ya Ujerumani ilianza na feni 36. Kampuni ikaishiwa pesa 2024. Sisemi feni ndizo zilizoiua, ila kuelea kwa feni ndogo ni kula betri kwa pupa. Tukaweka rafadha za inchi 16 na mota za mzunguko wa pole. Joto likaisha.

Bawa nalo lina ukorofi wake. Angani ndilo linalokulipia nauli, kwa sababu kusonga juu ya bawa kunataka sehemu ndogo tu ya nguvu ya kuelea. Lakini wakati wa kutua, upepo wa ubavuni ukilipata, bawa refu ni bati lililong'oka paani. Ndege inataka kuzunguka, na mota nne zilizosimama wima kabisa hazina ubavu wa kuizuia. Tuliziinamisha kila moja nyuzi chache kando, tukaiambia kompyuta ielekeze pua upeponi. Ikatulia kuliko nilivyotarajia.

Kwa hiyo bawa letu sasa lina mita mbili na nusu, na sijutii hata sentimita moja, isipokuwa njiani. Jumamosi tulitoka Isinya kwa matatu, limefungwa kwa shuka kama mgonjwa, limelala juu ya mapaja ya abiria watatu. Makanga alilitazama mara moja tu. "Hiyo mbao mzee utalipia viti viwili." Nikalipa. Wiki hii tunalikata vipande vitatu.