Felowshipu Iishe Saa Iliyotangazwa

Jumatano iliyopita, hapa Göttingen, machozi yalinilenga kwa sababu ya mpira wa wavu.

Tulikuwa kwenye ushirika wa wanafunzi wa Kiprotestanti, watu kama kumi na wanane. Tuliimba nyimbo tatu, tukasoma Injili ya Marko, tukagawana watatu watatu tukaombeana. Tangazo la mlangoni lilisema tunaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, tunamaliza saa mbili kasoro robo. Ilipofika saa mbili kasoro robo, binti aliyekuwa anaongoza, mwanafunzi wa misitu, akasema Amina na kurudisha gitaa lake kwenye mfuko. Mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nasubiri matangazo. Baada ya matangazo nilitegemea mtumishi mgeni asalimie, na baada ya salamu aombe dakika tano za neno fupi, na ninyi wapendwa wa felowshipu za vyuo huko nyumbani mnazijua hizo dakika tano. Hakuna kilichokuja. Wenzangu walikuwa wanavaa raba. Mchungaji, mama wa miaka hamsini na kitu, naye anavaa raba. Tukaenda ukumbi wa michezo wa chuo tukacheza mpaka saa tatu na nusu. Nikarudi chumbani, nikaoga, nikasoma takwimu zangu kurasa ishirini, nikalala kabla ya saa sita. Siku moja imebeba darasa, maombi, mpira na usingizi, na hakuna kilichomla mwenzake.

Miaka yangu mitatu ya chuo Dodoma sikuwahi kuipata siku ya namna hiyo.

Kabla sijalala nikafungua simu. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko mwaka wa kwanza huko huko Dodoma, alikuwa ameniandikia saa nne na nusu usiku ya kwenu: "Dada, ndiyo tunatoka." Felowshipu yao ilitangazwa kuisha saa mbili. Kesho yake asubuhi alikuwa na testi. Nikamuuliza kama amekula, akasema kantini walishafunga.

Ndiyo maana naandika. Nimeshajua nitakachoambiwa, kwa hiyo niseme mapema: mimi ni mpendwa. Nimeokoka nikiwa kidato cha tatu na sijarudi nyuma. Felowshipu ndiyo iliyonilea chuoni. Nayasema haya kama mtoto wa nyumbani anayesema paa linavuja.

Kwetu Dodoma, na hili halijali kama wewe ni wa TAFES, CASFETA, USCF au kundi lingine lolote, ratiba ya mwanafunzi anayempenda Bwana ni hii. Jumatatu maombi. Jumanne mazoezi ya kwaya. Jumatano felowshipu yenyewe. Alhamisi kikao cha viongozi, na kila mtu mwenye sauti au mwenye bidii ni kiongozi wa kitu fulani. Ijumaa mkesha. Jumamosi usafi, mazoezi tena, ushuhudiaji mitaani. Jumapili ibada, na baada ya ibada vikao. Kila kimoja kwa peke yake ni chema. Kinachoumiza ni kwamba hakuna hata kimoja kinachoisha saa yake. Tumeandika saa kumi na mbili, tunaanza saa moja kasoro kwa sababu vyombo havijafika. Tumeandika saa mbili, tunafunga saa nne. Kila wiki saa mbili, tatu, zinachukuliwa mfukoni mwa mtu bila kuombwa, na yule anayenyanyuka kwenda kusoma ndiye anayesindikizwa na macho.

Na wapi zinatoka hizo saa? Kwanza kwenye michezo. Aliyeishi Dodoma anajua jua la kule. Mchana huwezi kukanyaga uwanja, vumbi na jua vinakumaliza. Saa ya kucheza ni ile ya kumi na moja jioni mpaka giza linapoingia, upepo umeanza kupoa, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoipa mazoezi ya kwaya na maandalizi ya ibada. Nilikuwa nacheza netiboli. Nilikuwa mfungaji mzuri, nasema bila kujisifu, nilitoka nayo sekondari. Mwaka wa pili dada mmoja kiongozi aliniita pembeni, akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniambia, "Dada, naona umepoa. Bukta na maombi haviendi pamoja." Nikaacha netiboli. Sikumchukia, mpaka leo simchukii, aliamini ananiokoa. Lakini nilianza kuumwa kichwa kila jioni na sikujua kwa nini.

Halafu zinatoka kwenye kitabu. Muhula ule ule tuliandaa mkesha wa kuombea mitihani. Ijumaa, saa tatu usiku mpaka alfajiri, na Jumamosi saa mbili asubuhi mimi nilikuwa na karatasi ya hesabu za gharama. Niliomba usiku kucha kwa machozi ya kweli. Asubuhi nilisoma swali la kwanza mara nne na herufi zinaelea. Nikapata sapu, yaani kurudia mtihani. Nilipoipeleka habari hiyo kwenye kikundi changu cha maombi niliambiwa tufunge siku tatu, kuna roho ya kufeli inanifuata. Wapendwa, ulikuwa usingizi! Hakuna aliyesema neno usingizi. Hata mimi sikulisema, niliogopa litasikika kama kutoamini.

Sasa mtaniambia Roho hafungwi na saa. Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko salamu. Mimi nauliza, kama Roho ndiye anayetuchelewesha, kwa nini kila Jumatano kinachotuchelewesha ni spika, waya na mgeni rasmi? Siku Roho wa Mungu akitushukia kweli nitakaa mpaka asubuhi na testi iende. Lakini tusimsingizie.

Mtaniletea na Paulo kule Troa, aliyehubiri mpaka usiku wa manane na akaendelea mpaka alfajiri. Haya, msomeni vizuri. Paulo alikuwa anasafiri kesho yake, hakuwa na Jumatano nyingine na watu wale. Mwenyekiti wetu yupo wiki ijayo, na nyingine, mpaka amalize shahada. Na pale Troa kijana Eutiko alilala dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na Paulo alishuka kwanza kumwangukia na kumkumbatia. Hakuuliza ana roho gani. Paulo huyo huyo ndiye aliyewaandikia Wakorintho habari za washindanao mbio na ngumi, kama mtu aliyewahi kusimama uwanjani akatazama.

Lakini najua jibu linalopendwa kuliko yote: "Umekula ubaridi wa Wazungu, sasa unatuletea saa zao." Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, maana hili ni kujitukana wenyewe.

Babu yangu alikuwa mwinjilisti Mpwapwa, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana walifika 1876, kwa hiyo ukristo kwetu si wa juzi. Kengele yake ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mkwaju. Msimu wa palizi aligonga saa moja asubuhi na ilipofika saa tatu watu walikuwa njiani kwenda kwenye mtama. Mvua ya Ugogo mnaijua, haimsubiri mtu. Babu alisema hawezi kumweka mama kanisani wakati majani yanakula chakula cha watoto wake. Mzungu gani alimfundisha hilo? Alifundishwa na shamba.

Na majirani zetu Waislamu? Adhana ya Msikiti wa Gaddafi pale Dodoma inasikika mara tano, mwenye duka anafunga, anaswali, anarudi kukupimia sukari. Wakatoliki Misa ya kwanza inaisha kwa sababu ya pili iko mlangoni. Na nilipokuja likizo mwaka jana nilipanda treni ya umeme kutoka Dar, ile iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Niliona bibi zetu na vikapu vyao wamefika stesheni mapema, wamekaa, treni ikaondoka kwa wakati wake. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza. Hapa Ujerumani treni za mbali zinachelewa mpaka wenyewe wameshakata tamaa. Kwa hiyo msiniambie saa ni ya Mzungu. Tunaweza. Tunaamua tu wapi tuweze.

Hawa wenyeji wangu wana jambo moja ninalowaonea wivu. Sheria yao kuu ya 1949 ilibeba kifungu kutoka katiba yao ya 1919, kinachoilinda Jumapili kama siku ya kupumzika kazi na ya kuinua roho. Jumapili yangu ya kwanza sikuwa na hata chumvi na maduka yote yalikuwa yamefungwa, nilikasirika sana. Sasa naipenda. Watu wanatembea msituni na watoto wao, wazee wanaendesha baiskeli taratibu, hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini amekaa. Mimi nilifika hapa na miaka ishirini na sita sijui kukaa bila kujiona mwenye dhambi.

Tena sijasema kwamba hapa ni mbinguni. Jumapili hiyo hiyo waliyoilinda kwa katiba, ninakoabudu tunakuwa watu thelathini ndani ya kanisa la kukaa mia tano, na wengi ni wazee. Wameitunza saa, walioingia ni wachache. Hilo linanihuzunisha kila wiki.

Tena Februari niliugua mafua makali, nililala ndani siku tisa. Hakuna aliyegonga mlango wangu. Sisemi ni wabaya. Ukiwaomba wanakuja, na wanakuja na supu. Lakini lazima uombe, na lazima uandike ujumbe. Mwaka wangu wa kwanza Dodoma nilipata malaria, na kabla sijajua vizuri nimelala wapi, mabinti wanne wa felowshipu walikuwa wameshanibeba kwenye bajaji. Mmoja alinifulia. Mmoja alinipikia uji wa ulezi kwenye jiko la umeme ambalo hosteli walikuwa wamelikataza. Bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, lilikuwa halijaingia, na wale watoto wa wakulima walichanga mia tano tano wakalipa dawa zangu. Nikikumbuka, nasimama kwenye barabara safi za huku na najua kabisa nimetoka kwa watu gani. Mtu asije akaniambia naidharau felowshipu. Ninaijua thamani yake kuliko anayeipigia debe.

Nimejiuliza sana kama ule upendo ulitokana na zile saa za ziada. Labda ukikata saa unakata na upendo, labda ndivyo ilivyotokea huku. Swali hili limenikosesha usingizi kweli. Lakini nikiwafikiria wale mabinti wanne mmoja mmoja, sikuwajua ndani ya ibada. Ndani ya ibada tulikuwa tunatazama mbele. Wawili niliwajua kwenye netiboli, kabla sijaambiwa niache. Mmoja tulikutana foleni ya maji. Yule wa nne tulikwenda naye Msalato mnadani Jumamosi moja tuliyotoroka usafi, tukala nyama choma ya kugawana, akanieleza habari za baba yake ambazo hakuwahi kuzileta kwenye maombi ya kikundi. Na hapa Göttingen, kitu cha kwanza cha maana nilichoambiwa na mtu niliambiwa uwanjani, tukiwa tunapumzika kati ya seti mbili: binti wa misitu aliniambia mama yake ana saratani, akaniomba nimwombee pale pale. Tukaomba tumeshika mpira.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa, wala hakihitaji fedha ya wafadhili. Tangazeni saa mbili, mfunge saa mbili. Vyombo visipofika, imbeni kwa makofi, Wagogo hatujawahi kukosa sauti. Mgeni asalimie wiki ijayo. Mkesha usiangukie usiku wa kuamkia testi ya mtu yeyote, na katibu awe na ratiba ya testi mkononi kama alivyo na orodha ya zamu za maombi. Na jioni moja kwa wiki, ile saa ya kumi na moja, waachieni watu uwanja, na viongozi waende nao, wavae raba. Dada mwenye bukta asiitwe pembeni.

Kama mnaona nimejaa kiburi cha Ulaya, basi jaribuni muhula mmoja tu, halafu mhesabu sapu zenu na mhesabu waliokuja Jumatano. Nikishindwa nitaandika tena hapa hapa kwamba nilikosea.

Jana usiku nilimtumia mdogo wangu elfu tano ya chipsi, nikamwandikia haya kwa kifupi. Amejibu leo mchana. Anasema Jumapili kuna kikao cha wanachama wote na atalileta, ila ameniuliza kama ataje kwamba limetoka kwa dada yake aliye Ujerumani au anyamaze. Nimemwambia ataje, na asisahau kusema kwamba nilipata sapu.