Spika haijachanika, ndo muziki wenyewe huo

Wiki mbili zilizopita nilipeleka sabufa kwa fundi wangu pale Manzese, ilikuwa inakata sauti upande mmoja, akaifungua akagusagusa waya akachomelea kidogo nikampa elfu kumi na tano yake, kabla sijaondoka nikamwambia mzee ngoja kwanza niijaribu. Nikaunganisha simu, na ngoma iliyokuwa inasubiri kwenye simu ni ya Darkthrone, bendi ya blaki metali ya Norwe, albamu ya Transilvanian Hunger. Hazikupita sekunde kumi, mzee kanyoosha mkono kazima. "Bado hii, twita imekufa," yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Kashika bisibisi anataka kuifungua upya.

Nikamwambia hapana mzee, ndo muziki ulivyo huo.

Akaniangalia kama mgonjwa aliyetoroka wodini. "Kwa hiyo wamerekodi ivo makusudi?"

Aisee nilikwama. Nimesikiliza deth metali na blaki metali, hii miziki ya magitaa ya mkwaruzo na mayowe, zaidi ya miaka kumi na tano, nimebishana na watu mpaka usiku wa manane kuhusu demo (rekodi za majaribio za bendi) ambazo duniani wanazijua watu mia tatu, ila hilo swali sikuwa na jibu la kumpa mzee wa watu palepale. Nimelitafuna tangu siku ile kwenye daladala, ndo maana naandika.

Kwanza mjue nilikotokea. Mimi hii miziki niliikuta kwenye kafe ya intaneti Mwananyamala, kulikuwa na jamaa aliyeacha folda lake kwenye mashine namba nne, ukilipia saa moja unachomeka flashi unabeba. Faili zenyewe zimebanwa mpaka zinalia kama nyuki kwenye kopo. Kwa hiyo miaka yote ya mwanzo sikujua uchafu upi ni wa bendi na upi ni wa kafe. Kuna albamu niliipenda kinoma kwa sababu ya mkwaruzo wake, nilivyokuja kuipata ikiwa safi nikaona mbona wameiharibu, kumbe ndo ilivyotoka studio, mkwaruzo ulikuwa wa yule jamaa wa folda. Bado napenda ile ya folda.

Sasa msimamo wangu siku zote ulikuwa huu, na wadau wangu wanaujua: uchafu wa sauti nauheshimu ukitokana na shida. Kama huna hela, huna studio, hujui kupiga, ila una kitu kinakuwasha lazima kitoke, basi nakuvulia kofia. Angalia Hellhammer. Uswisi, nchi ya mabenki, mwaka 1983, vijana wanafanya mazoezi kwenye handaki la saruji chini ya ardhi, gitaa hawajui, drumu hawajui, magazeti ya metali ya wakati ule yaliwaponda vibaya mno. Mwaka huohuo wakatoa demo tatu, na ya mwisho, Satanic Rites, mpaka leo nikiiweka usiku naangalia mlango mara mbili. Mwaka 1984 wakapata lebo wakaenda Berlin kurekodi Apocalyptic Raids, watu wanaiita klasiki, mimi nasema demo inaipiga. Kule Berlin unasikia watu wamesimama mbele ya maikrofoni. Kwenye demo unasikia chumba, unasikia watu wamefungiwa humo na kitu ambacho hata wao hawajui kitaishia wapi. Afu mwaka haujaisha wameivunja bendi wameanzisha Celtic Frost, ambao ndo dunia inawajua.

Bathory naye, albamu yake ya kwanza ya 1984 ilirekodiwa kwenye gereji Stockholm iliyogeuzwa studio. Gereji jamani. Nikisikia mtu wa hapa Dar anasema hawezi kurekodi mpaka apate studio ya milioni kadhaa nacheka tu.

Ila mfalme wa uchafu wa shida kwangu ni Sarcófago, I.N.R.I., 1987. Hawa ni wa Belo Horizonte, mji uleule ilikotoka bendi ya Sepultura, Brazili ndo kwanza ina miaka miwili tangu wanajeshi waachie madaraka, na pale kwenye jalada wamesimama makaburini na misumari mikononi na mikanda ya risasi. Mpiga drumu wao D.D. Crazy (jina linajieleza) anapiga kama konda na dereva wa Mbagala wanaowania abiria: anachomoka, anapitiliza kituo, anarudi rivasi, wenzake wanamfukuzia, kuna sehemu naapa kila mtu yupo mtaa wake halafu wanakutana mwisho wa rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) utadhani walipanga. Ukimpa yule mtu prodyuza wa kumnyoosha na kompyuta ya kumpanga mapigo, umeua. Nimesikia bendi kibao za siku hizi zinaurudia wimbo wao mmojammoja kwa usahihi, kila pigo mahali pake, na hakuna hata moja iliyonishtua. Sarcófago walikuwa na haraka, hawa wa siku hizi wana mazoezi tu.

Na hapa ndo nakuja kwa ninaowachukia. Saivi kuna utitiri wa demo mpya zinazouzwa mtandaoni, mtu ana laptopu yenye kila programu, anarekodi safi kabisa chumbani kwake, afu anaanza kuongeza mvumo wa kaseti, anapunguza besi, anazamisha sauti kama yupo chooni, anatoa kopi 66 za kaseti na jalada la fotokopi, bei ni ya kunywea supu mwezi mzima. Ni sawa na mtu anapika ubwabwa kwenye jiko la umeme afu anaupuliza moshi juu ili wageni wadhani umepikwa kwa kuni. Sisi tuliokula wa kuni kweli tunajua, moshi unaingia kwenye punje, haukai juu. Nimewahi kununua moja, kwa kadi ya kuazima ya mshkaji wangu maana yangu iligoma, faili likaja, ngoma nne, tatu kati yake ni upepo tu unavuma. Upepo! Mimi nakaa chini ya bati, upepo ninao.

Sawa. Sasa mzee wa Manzese ndo kanizingua hapa, maana albamu aliyoizima yeye sio ya shida.

Darkthrone walijua kupiga. Walijua na studio nzuri iko wapi. Albamu yao ya kwanza Soulside Journey ya 1991 waliirekodi Sunlight kule Stockholm, studio ambayo kila bendi ya deth metali ilikuwa inaitolea mate, na inasikika vizuri, wanapiga vizuri, hamna wa kuilalamikia. Afu wakaacha. 1992 wakatoa A Blaze in the Northern Sky, wakawa wanashuka kwenda gizani kidogokidogo, mpaka Transilvanian Hunger ya 1994 mpiga drumu wao Fenriz kapiga vyombo vyote peke yake nyumbani kwa kimashine cha kurekodi cha treki nne tu, mwenzake Nocturno Culto akaja kuweka sauti. Kwa hiyo ndiyo mzee, makusudi. Makusudi mia kwa mia. Kwa sheria yangu mwenyewe hii albamu ilitakiwa niitupe kwenye kapu moja na wale wapuliza moshi.

Na siwezi, naipenda. Nimejaribu kujieleza na nilichofika ni hiki: rifu zile zimetungwa zikiwa tayari ndani ya ule uchafu. Drumu hazibadiliki, pigo moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, gitaa linazunguka noti chache tu, ukilirekodi safi litaonekana wimbo wa mtu mvivu. Ule mkwaruzo ndo unaojaza katikati, baada ya dakika tatu unaanza kusikia melodi ambazo hakuna aliyezipiga. Nimeisikiliza mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, jasho linachuruzika mpaka kwenye godoro, na ndo kitu pekee kilichonipa baridi. Yule mwenye laptopu anatunga wimbo wa kawaida afu anauchafua baadae. Hapo ndo tofauti naiona, japo najua mtu mbishi anaweza kuniambia nimejitungia sheria mpya ili nisipoteze albamu ninayoipenda, na sitakuwa na la kumjibu.

Kuna lingine na sitaliruka maana naandika nikiwa mtu mweusi wa Dar. Jalada la nyuma la kopi za kwanza za hiyo albamu liliandikwa kwa Kinorwe maneno ya kujitapa na u-Aryani, ile imani ya wazungu kujiona bora kuliko wengine, "Norsk Arisk Black Metal". Na mashairi ya nusu ya albamu yaliandikwa na Varg Vikernes, huyuhuyu aliyemuua Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, mwaka 1993. Maneno yale yaliondolewa baadae na Fenriz alishajutia mambo ya enzi zile, ila mimi nilikutana nayo nimeshaipenda albamu tayari. Mshkaji wangu mmoja aliifuta palepale kwenye simu, mbele yangu, na sikumwona mjinga. Mimi sikuifuta. Sijawahi kuilipia hata mia na sitailipia, huo ndo mgomo wangu, mdogo na wa bei rahisi najua.

Labda ndo maana siku niliyoona picha ya Suffocation kwa mara ya kwanza niliikuza mpaka ikavunjikavunjika. Bendi ya Long Island, New York, na watu wawili kati ya watano ni weusi, Terrance Hobbs kwenye gitaa na Mike Smith kwenye drumu, na sio waliopitia kusalimia, hawa ndo injini yenyewe. Kila bendi ya deth metali ya kikatili iliyokuja baadae, ile mivunjo mizito ya kushuka taratibu kama lori la mchanga linamwaga mzigo, wameichukua kwao. Effigy of the Forgotten ya 1991 ndo inayosifiwa, ilirekodiwa Morrisound kule Tampa na prodyuza Scott Burns, studio ya matajiri wa deth metali enzi hizo. Naiheshimu. Ila drumu za mle zinanikera, zinasikika kama mtu anapiga chapa kwenye mashine ya zamani ya mahakamani. EP yao (rekodi fupi kuliko albamu) iliyotangulia mwaka huohuo, Human Waste, ina ngoma kadhaa zilezile, weka Infecting the Crypts ya huku na ya kule, ya EP ina nyama zaidi. Nitakufa na huu msimamo.

Scum, albamu ya bendi ya Uingereza Napalm Death, nitasema mawili tu: upande A na upande B ni kama bendi mbili tofauti, aliyebaki pande zote ni mpiga drumu Mick Harris peke yake, na upande A unashinda. Kile kiwimbo chao cha sekunde moja na kitu nimekigeuza mlio wa meseji, mama mwenye nyumba kashazoea.

Demilich wao wananichekesha kwa mapenzi. Finlandi, Nespithe, 1993, albamu moja tu. Mwimbaji Antti Boman anatoa sauti kama tumbo la mtu aliyekula maharage ya jana, na walibidi waandike kwenye kijitabu kwamba hawakutumia mashine yoyote kwenye sauti, maana nani angeamini. Gitaa zinapinda kama njia za Tandale, unaingia uchochoro unajua unatokea barabarani unatokea jikoni kwa watu. Na imerekodiwa vizuri, kila kitu unakisikia, wala haijapungua utisho. Wale wanaosema metali ya chini kwa chini lazima iwe chafu waanzie hapa.

Ila jibu lililomfaa mzee lilikuwa palepale na sikuliona. Wakati anazima simu yangu, kibanda cha jirani wanapouza chipsi kulikuwa na singeli inapigwa kwenye spika la honi limepasuka kweli, besi hamna, sauti ya MC inakatika kama anaongelea ndani ya ndoo, kasi ndo usiseme. Na hakuna aliyeshika bisibisi. Mzee mwenyewe mguu unagonga. Kutoka pale mpaka Mburahati ilipo studio ya Sisso unatembea tu, na singeli za pale zilitolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Sounds of Sisso, mapigo mia mbili na kitu kwa dakika, kuna mengine yanakaribia mia tatu. Ukimwekea mtu wa grindikoo (metali ya kasi kupindukia) wa Ulaya anakwambia hii ni yetu. Lebo hiyohiyo 2020 ikatoa albamu ya bendi ya Duma ya Nairobi, watu wawili tu, yowe na mashine. Sisi tukisikia duma tunamfikiria yule mnyama mwenye mbio, kwa Kikikuyu wao wanamaanisha giza, na albamu inabeba vyote viwili. Nikiwekea masela wa geto Darkthrone wananifukuza. Duma waliniacha nimalize, mmoja akauliza huyu MC ni wa wapi.

Nilipanga jumamosi nimpelekee mzee hiyo Duma nione mguu utafanyaje. Tatizo sabufa imeanza tena toka jana, upande uleule, inakwaruza. Nimeibadilishia ngoma tano na bado sijajua kama imeharibika kweli, maana kwenye simu yangu sina hata albamu moja safi ya kuijaribia.