Uzi ni wa mhariri, shanga ni za nani?

Fungua kitabu chochote cha insha kilichoandikwa na watu kumi au kumi na wawili, ugeuze kurasa za mwanzo. Utakuta mstari mmoja mdogo: alama ya hakimiliki, mwaka, kisha jina la mhariri au la mchapishaji. Waandishi wenyewe wamo kwenye yaliyomo tu. Mwandishi mgeni akiuona mstari huo hudhani insha yake imeshakwenda. Mstari huo peke yake hauhamishi kitu; cha kutazama ni karatasi aliyotia saini.

Kitabu cha namna hii hubeba haki za ngazi mbili. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao chimbuko lake ni mwaka 1886, unaulinda mkusanyiko kama kazi ya kubuni ikiwa uteuzi na mpangilio wake una ubunifu, bila kugusa haki ya kila kazi iliyomo. Kwa hiyo mhariri ana uzi, na kila ushanga una mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kunakili uteuzi wake na mpangilio wake, lakini naye mhariri hawezi kuichomoa insha ya tano akaiuze peke yake.

Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Sheria yao inasema kwamba pasipo makubaliano mengine, mwenye mkusanyiko huhesabiwa kuwa amepata ruhusa ya kuitumia kazi ndani ya mkusanyiko huo, matoleo yake yaliyorekebishwa, au mkusanyiko wa baadaye katika mfululizo uleule. Waandishi wa kujitegemea wakalishtaki gazeti la New York Times na wenzake kwa kuingiza makala zao kwenye hifadhi za kielektroniki, ambako msomaji huletewa makala moja moja, gazeti lenyewe halipo. Mwaka 2001 waandishi wakashinda, majaji 7 kwa 2. Na gazeti likafanya nini? Likaondoa maelfu ya makala kwenye hifadhi hizo.

Hapo ndipo wachapishaji wanapopata hoja, na mimi siidharau. Hakimiliki hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na katika Umoja wa Ulaya ni 70. Akitokea mtu wa kutafsiri kitabu baada ya miaka thelathini, itabidi watafutwe waandishi kumi na wawili, wengine marehemu, warithi wao wametawanyika, na mmoja akigoma kitabu kinabaki na pengo. Aliyewahi kumsaka mchangiaji aliyebadilisha anwani ya baruapepe anajua adha yake. Ni rahisi zaidi haki zote zikae mahali pamoja.

Lakini urahisi huo unalipiwa na nani? Mara nyingi mchangiaji hupewa nakala moja ya kitabu, au malipo ya mara moja, huku mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo, ukienda kwa mhariri. Kisha siku anapotaka kukusanya insha zake mwenyewe, anaandika barua kuomba ruhusa ya kuchapisha maneno yake.

Nadhani wachapishaji wanadai zaidi ya wanachohitaji. Shida ya tafsiri na matoleo mapya inatatuliwa na leseni ya kipekee, yaani ruhusa anayopewa mchapishaji huyo peke yake huku haki ikibaki kwa mwandishi, inayovitaja vitu hivyo kwa majina: kitabu hiki, matoleo yake, tafsiri zake, nakala zake za kielektroniki. Baada ya mwaka mmoja au miwili mwandishi awe huru kuitumia insha yake kwingine, akitaja ilikotoka mara ya kwanza. Kwenye karatasi tofauti ni neno moja tu, "ninahamisha" au "ninaruhusu", na wengi huliruka kwa sababu tarehe ya mwisho ni Ijumaa.

Wapo pia wahariri wanaotia saini mkataba na mchapishaji kwa niaba ya wote, kabla hawajapata hata kipande cha barua kutoka kwa mchangiaji mmoja. Hao huahidi mali isiyo yao. Mchangiaji akija kudai, mchapishaji atamgeukia mhariri, na yeye atakuwa ameshika uzi mtupu.